Kituo Kinahamia Shambani kwa Mama

Jumapili, Nsemulwa. Mvua tangu asubuhi, na hata misa sikwenda. Moyo umevunjika, shajara, sina haja ya kuzungukazunguka.

Jana nilikuwa kijijini kwetu, kando ya Ziwa Tanganyika. Maji yamepanda mno. Nyumba tuliyokulia imebaki bati tu, na kituo cha wanajeshi kilichokuwa jirani kimeingiliwa na maji hadi ghalani. Wanalinda mpaka huku wamekunja suruali.

Kwa hiyo kituo kinahamia mlimani, kwenye shamba aliloniachia marehemu mama. Nilikubali mwenyewe, tena kwa roho safi. Kaka zangu ni wavuvi. Wameshaporwa nyavu na injini huko ziwani, na wanajeshi wakiondoka pale hakuna atakayelala usingizi.

Kapteni anayesimamia kazi ni mtu mpole, wa Singida. Aliniambia, "Mama, mipango yetu yote ilichorwa ziwa likiwa kule chini. Sasa tunachora upya, na pakavu ni hapa kwako tu." Watu wake walihesabu makaburi shambani kwa kuangalia misalaba. Wakapata matatu, wakayazungushia kamba vizuri kabisa.

Hawakujua kuna la nne.

Mtoto wangu wa kwanza hakumaliza hata wiki. Kwetu kichanga hazikwi na wanaume, wala hawekewi msalaba. Wanawake wachache wanamchukua, wanamzika kwenye migomba, wanarudi kimya. Mama yake anabaki ndani na haonyeshwi mahali, eti asije akawa anakwenda kulilia hapo, akashindwa kupata mwingine. Wangu alizikwa na mama na mama mdogo. Sikuuliza. Miaka yote nikifika shambani nilijiambia shamba lote ni lake, na ilinitosha.

Jana nikajikaza, nikamweleza kapteni. Nilidhani atasema ramani imeshapita. Alivua kofia.

"Tuonyeshe tu, mama. Tutasogeza ukuta."

Tuonyeshe tu!

Nikamfuata mama mdogo, maana ndiye pekee aliyebaki anayejua. Tulimpandisha taratibu, wanajeshi wawili wakimshika mikono. Amezeeka, kumbukumbu zinakuja na kuondoka. Akaonyesha mgomba huu. Akasogea, akaonyesha ule.

"Ni hapa... hapana, kule. Nyie, migomba hii imehama!"

Kisha akakaa chini akalia, akaniomba msamaha, na ikabidi mimi ndiye nimbembeleze yeye.

Afadhali kapteni angekataa, ningepata wa kumlaumu. Sasa nimlaumu nani? Ziwa? Wanajeshi wanaokimbia maji kama sisi? Mama, ambaye alitaka tu nisiumie?

Nimewaambia waendelee. Kapteni akaniuliza kama nina uhakika, nikaitikia kwa kichwa. Nawataka kaka zangu warudi salama kila asubuhi. Na namtaka mwanangu aachwe alale. Sikujua kama siku moja ningelazimika kuchagua.

Kesho mtambo unaanza kuchimba msingi. Kapteni amesema nikitaka nije, nisimame karibu na mwanangu mpaka wamalize.

Nisimame wapi?