Joho la Mzee Burama

Bamako, 9 Februari 1998

Shikamoo baba,

Natumaini mu wazima huko Kita, wewe, mama na mbuzi. Mimi sijambo, ila koo limenikauka kwa kuimba. Baba, mbona uliondoka baani bila hata kuniaga? Nilikualika uje unione jukwaani, ukaja na Mzee Burama, nikafurahi. Wimbo wa pili ulipokwisha, meza yenu tupu! Nyuzi za ngoni ya babu zililia usiku ule mpaka watu wakaangusha viti. Bwana Zumana, yule mfanyabiashara wa saruji, sasa ananitaka kila Jumamosi. Niambie kulikoni.

Mwanao, Seriba

Kita, 20 Februari

Mwanangu Seriba,

Marahaba. Mama yako mzima, mbuzi wazima. Mgonjwa ni mimi, na ugonjwa wenyewe ni kichefuchefu.

Moshi niliuvumilia. Nilivumilia sakafu inayonata bia, na wanaume wazima wanaofuta mafuta ya kondoo kwenye mapazia. Kisha ukaanza wimbo wa akina Konate, ambao sisi majeli, waimbaji wa kurithi, tumewaimbia wao tu tangu enzi za mababu, ukamwimbia Zumana! Mtu ambaye babu yake hata mwenyewe hamjui. Akakunyang'anya kipaza sauti, akacheua ndani yake, nawe ukaitikia, "Naam, simba!" Ptu!

Mzee Burama Konate alikuwa kando yangu, akasikia jina la babu yake. Mila unaijua: muungwana akiimbiwa huinuka, akamtuza mwimbaji. Yule mzee hana kitu tena isipokuwa joho lake la buluu. Alilivua, akabaki na fulana yenye matundu, akaenda kulitandaza miguuni pako. Walinzi wakamsukuma: "Babu, nenda kalale, umelewa!" Baa nzima ikacheka, nawe ukaendelea kupiga.

Baba yako

Bamako, 6 Machi

Shikamoo baba,

Pole na kuumwa. Mama hajambo? Haki ya Mungu sikumwona mzee, taa zilinipiga machoni. Halafu baba, huku mjini wimbo ni wa aliyeuagiza. Ukoo haujazi sufuria. Joho lisikutie wasiwasi, nimelitunza vizuri.

Mwanao, Seriba

Kita, 21 Machi

Seriba,

Marahaba. Mama yako anakusalimu; kifua kilimbana juzi, sasa kimepata nafuu. Eti hukumwona? Uzi wa tatu uliukosea palepale alipoinama. Uzi huo hujaukosea tangu ulipokuwa na miaka saba.

Sasa sikia. Mzee hajui kwamba wimbo ule hukumwimbia yeye. Anazunguka Kita nzima akisema, "Kijana wa Naman kaniita mbele ya Bamako yote, nami nikaitika!" Jana kaja kwangu na utani wake uleule: "We mla kunde, joho limemtosha mwanao, au keshaota tumbo la mjini?" Nikamwambia limekukaa vizuri sana. Ni uongo wangu wa kwanza kwa mtu wa ukoo ule, na wao ndio waliotulisha mwaka wa njaa. Najinukia mdomo mpaka leo.

Njoo Idi Kubwa umelivaa, umwimbie uani kwake, uongo wangu ufe.

Baba yako

Bamako, 1 Aprili

Shikamoo baba,

Natumaini kifua cha mama kimepona. Barua hii nimeianza mara tatu. Idi sitakuja, kwa sababu joho sina. Usiku ule Zumana alimwaga bia mezani, akaitisha kitambaa. Mhudumu akaokota joho sakafuni, akafutia meza, kisha akapiga magoti akamfuta nalo viatu. Zumana akacheka, akaniashiria niongeze mwendo. Nikaongeza.

Niliona yote, baba. Nisamehe.

Mwanao, Seriba

Kita, 4 Aprili

Seriba,

Hatujambo.

Ngoni ya babu yako mpe konda wa treni ya Jumatatu. Usiifunge kwa kitambaa chochote cha huko.

Mzee Burama nitamwambia ukweli mwenyewe asubuhi ya Idi, mbele ya wajukuu zake. Kisha nitamwimbia wimbo wake, kama bado atakubali kuinuka.

Naman, mwimbaji wa akina Konate