Kilo za Maji

Didia, Shinyanga,
14 Agosti 2024

Mpendwa mdogo wangu Donatus,

Marahaba ya shikamoo yako ya juzi kwenye simu. Habari za Masasi? Wifi yangu Suzana hajambo, na watoto? Kikohozi cha yule mdogo kimetulia? Sisi huku twaendelea. Mama magoti yanamsumbua, ila bado anagombana na kuku wa jirani.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ningeanza na salamu nikaishia na salamu.

Unakumbuka nilivyokupigia kwa furaha kwamba kaka yetu Mayala ameongezeka kilo nne? Zile hazikuwa kilo za kliniki. Tulichoka kungoja siku ya kliniki, shemeji yako Justa akasema twende naye ghala la pamba. Karani akamkalisha ndani ya shuka, wakamtundika kwenye mizani ya pamba. Mama akapiga vigelegele, jogoo akachinjwa. Nawe ukasema utamletea shati kubwa zaidi. Ndipo nikakuambia umalize kwanza msimu wa korosho, uje Desemba.

Jumatatu tulimpeleka kliniki. Nesi Rebeka hakushangilia kilo. Alimbonyeza kaka mguuni kwa kidole, shimo likabaki. Akamzungushia utepe juu ya kiwiko, akambana ngozi ya nyuma ya mkono kwa kile kikoleo chao cha kupimia mafuta, kisha akampa chuma cha kupimia nguvu za mkono akiminye kwa nguvu zake zote. Mshale ulitikisika tu.

Akaniambia, "Dada, kilo zimepanda kweli, lakini ni maji. Nyama yenyewe inaisha." Vumbi la machimbo ya dhahabu ya Segese, alikofanya kazi kaka, limeshakula mapafu, na sasa moyo nao umechoka.

Kaka alicheka. Si unamjua. "Kiroba kizito, dhahabu hamna," akasema. Kisha akamshukuru, "Wabeja, nesi."

Mimi sikucheka wala sikulia. Tangu siku hiyo nasonga ugali, nafagia, namfulia nguo, na ndani yangu hakuna kitu. Labda kilio kitakuja chenyewe, sijui.

Mama hatujamwambia. Anawatangazia majirani kwamba mwanawe ananenepa, na wakija kumjulia hali anafunua shuka awaonyeshe ile miguu. Wanamsifu.

Donatus, achana na korosho. Nilipomuuliza nesi kuhusu Desemba, aliukunja utepe wake akauweka mfukoni. Njoo mwezi huu huu.

Mama, Justa na kaka mwenyewe wanakusalimu. Nibusie watoto. Mungu akulinde njiani, akufikishe kaka akiwa bado anaweza kukuita kwa jina.

Dada yako akupendaye,
Lusia

Lile shati usinunue. Njoo wewe.