Ba Mfaddal na Mguu Nilioukanda

Mwaka umetimia, Ba, tangu utolewe hamamuni, kwenye bafu la mvuke la mtaa, umefunikwa shuka, wewe uliyekuwa ukitutoa humo sisi wote tukiwa wepesi.

Kwa miaka arobaini mikono yako ilisugua migongo ya watu wa mji wetu wa Fez, huku Moroko. Uliwajua watu kwa migongo kuliko kwa nyuso. Ukimaliza kumkanda mteja ulimpiga makofi mawili begani, na hata kadhi alijua maana yake: inuka, mwenzio anangoja. Nyumbani ulikaa na Mama mkichambua zeituni, ukila nyingi kuliko ulizotia bakulini.

Yakaja mafua yale makali. Ulilala siku tisa. Homa iliposhuka tukashusha pumzi, ila Mama aliona mguu wako wa kushoto umevimba, mwekundu, una joto.

"Twende hospitali, baba Anwar."

"Kwa mguu? Nimekanda miguu ya mji mzima, wangu ndio unishinde?"

"Kiburi hicho."

"Si ndicho ulichonipendea?"

Alhamisi nikakupeleka hamamuni, maana kwetu mgonjwa hahesabiwi amepona mpaka aoge huko. Ulijilaza kwenye jiwe la moto ukaninyooshea mguu.

"Kanda. Mbona unanipapasa, mimi paka? Tia nguvu."

Nikatia nguvu, ulivyonifundisha. Ukanipiga makofi mawili begani. Nilifurahi, nikidhani maumivu yamekwisha. Tulipofika chumba cha kuvalia ukashika kifua, ukatafuta pumzi, hukuipata.

Daktari aliyeupima mwili wako alitueleza polepole. Virusi vya mafua yale haviishii mapafuni tu. Vinaweza kuumiza mishipa kwa ndani, damu ikawa rahisi kuganda, hata baada ya homa kwisha. Bonge la damu lilijiunda mguuni, likang'oka, likapanda na damu hadi mapafuni. Akauliza kama kuna aliyeukanda. Mama alinitazama.

"Mguu wa namna ile haukandwi," daktari akasema.

Hakusema nimekuua. Hakuna aliyesema, Ba. Natamani mtu aseme, angalau nimjibu.

Sasa nafanya kazi mahali pako. Akija mtu na mguu mmoja umevimba, hasa kama ametoka kuumwa mafua, simgusi. Namwambia avae nguo aende hospitali. Wanacheka: "Huyu mtoto wa Mfaddal ni mvivu." Waache waseme. Mwezi uliopita mmoja alikwenda akinitukana, akalazwa, amerudi kwa miguu yake.

Unakumbukwa na mkeo Lalla Rkia, ambaye bado anaweka bakuli la zeituni upande wako. Na binti yako Ghita, na ndugu yako Bouchta. Na mimi, mwanao Anwar. Nisamehe, Ba.

Daima tutakukumbuka, mimi kwa mikono hii hii.