Maji ya Alhamisi

Jumamosi, 18 Aprili

Madebe ishirini na mawili ya mbegu za mlau yamekwenda na maji. Jumanne tarehe 14, alfajiri. Mahindi madebe kumi na matano, kunde saba. Wanawake kumi na mmoja wa kikundi chetu, nami nimo, kila mmoja madebe mawili. Naandika ili asije mtu akaniongezea wala kunipunguzia.

Asubuhi nimepima kamba wa Mbuchi kama kawaida. Kilo thelathini na moja, barafu imeyeyuka nusu. Mikono inafanya kazi yake. Kichwa kiko bondeni Ndundu.

Mbegu zilikuwa kwenye dungu la Shabani, mdogo wangu, anayetulindia mashamba. Ndiko tunakoziweka kila mwaka. Kibanda kimeinuliwa juu ya miti katikati ya shamba, jiko linafuka, moshi unafukuza wadudu. Mto ukifurika kisha ukashuka, tunapanda palepale kwenye tope bichi. Huo ndio mlau. Mbegu ikiwa mbali, tope linakauka kabla hujafika.

Dungu lilisimama miaka sita. Imebaki miti miwili. Shabani alitoka na mkewe, mtoto na kuku watatu. Wazima. Namshukuru Mungu, halafu nakasirika. Yote kwa pamoja.

Redio ilitangaza. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, mara tatu kwa siku. Mara tisa. Na redio ilikuwa humohumo dunguni. Nilimnunulia mimi.

Jumapili, 19 Aprili

Nimekwenda kwa Shabani. Wamepewa darasa moja la shule, huku juu barabarani, na familia nyingine nne. Nimemkuta anashona mkeka. Amekonda.

Nimemuuliza kwa nini hakuhamisha mbegu. Akasema, "Maji tulijua ni ya Alhamisi, dada."

Tulijua. Anasema "tulijua" ili kosa ligawanyike. Nikamuuliza, tulijua nani? Ananyamaza. Anatazama miguu yake. Mkewe akatoka nje na ndoo kama anayekwenda kuchota maji, na ndoo haikuwa tupu.

Nimemwambia kunyamaza si jibu. Ulisikia tangazo au hukusikia? Ndiyo au hapana. Nimempa mpaka Ijumaa saa nane, kikao cha kikundi. Bi Mwanahawa, mwenyekiti wetu, ameshasema: asipojieleza anaondoka kwenye ulinzi, na ekari tuliyompa kwa kulinda inarudi kwa kikundi. Ana ekari hiyo tu.

Sikumtetea. Nilianza maisha na beseni moja la kamba wa kukaanga pale stendi ya Kibiti, mwaka wa tatu nikawa na jokofu. Hakuna aliyenisikilizia redio.

Jumatatu, 20 Aprili

Nimeamua kuuliza. Kama redio ilisema mara tisa, nani alisikia nini? Watu kumi na wanne leo, barabarani na pale shuleni. Nimeandika nyuma ya kitabu cha barafu.

Wote kumi na wanne walisikia. Hakuna hata mmoja aliyesema redio yake ilikuwa mbovu. Hilo limenishangaza.

Sita walisikia "yataanza kupungua". Hao wote wana mashamba ya mlau. Bi Mwanahawa mmoja wao. Namuuliza, na kabla ya kupungua redio ilisema nini? Anacheka. "Mama Zuhura, maji hayajawahi kumfukuza Mrufiji, yanamlisha. Mimi niliposikia yatapungua nikatafuta jembe langu." Na yeye madebe yake mawili yamo humo.

Watatu ni vijana wa bodaboda. Walisikia "maeneo ya juu". Mmoja akasema, "Watu wakihama si watapanda bodaboda? Nikajaza mafuta." Hakumbuki siku.

Wanne walikuwa wanangoja mpira. Tangazo la jioni lilikuja kabla ya kikosi kusomwa. Wakapunguza sauti.

Aliyebaki ni Mwalimu Neema, mtu wa Kagera, anafundisha hapo shuleni. Alikuwa amepanga kule chini. Jumapili ile alipandisha godoro na vitabu, watu wakamwona. Wakamwimbia njia nzima, "Wa bara anaogopa maji ya kunawa." Na mimi niliposimuliwa nilicheka. Niandike tu, nilicheka.

Jumanne, 21 Aprili

Wiki moja. Maji yameshuka kiganja kimoja kwenye kijiti nilichochomeka. Yakiendelea hivi, tope litakuwa tayari baada ya wiki tatu. Tope tutakuwa nalo. Mbegu hatuna.

Nimempigia Mwalimu Neema. Anasema tangazo analo kwenye simu, alilirekodi Jumapili mchana alitume kwenye kundi la wazazi. Wazazi sitini na wawili. Wawili walijibu. Mmoja aliuliza kama shule itafungwa, mwingine alituma picha ya mwamvuli.

Nimefurahi. Ushahidi huo. Ijumaa naliweka mezani, kila mtu asikie Shabani alichokisikia.

Nimepiga hesabu ya mbegu. Kule Salale nina wateja wanne, kila mmoja anaweza kunipatia debe moja la kunde. Mahindi, bado.

Jumatano, 22 Aprili

Mwalimu ametuma. Nimesikiliza nikiwa na mzani mkononi.

"Wakazi wa mabondeni wahamie maeneo ya juu. Maji yataongezeka kuanzia Jumanne na kufikia kilele Alhamisi. Baada ya hapo yataanza kupungua."

Sekunde kumi na nne. Nimerudia mara tano. Jumanne ipo, wala haikujificha.

Kwa nini basi nami nilikuwa na Alhamisi kichwani? Maana nilikuwa nayo. Nilipopigiwa Jumanne ile kwamba maji yameingia, neno langu la kwanza lilikuwa "mapema hivi?"

Nimefungua daftari hili kurasa nne nyuma. Nanakili kama ilivyo:

"Jumapili, 12 Aprili. Kamba kilo 40, wakubwa. Redio mchana: maji Alhamisi. Nimempigia Shabani asiazime mtumbwi, nakuja Jumatano na kirikuu nipakie mbegu, Jumanne nina mzigo wa Mbuchi. Anasema yeye kasikia Jumanne. Nimemwambia asikilize vizuri."

Mwandiko wangu. Wino wangu wa bluu.

Ile simu naikumbuka. Nakumbuka nilisema nakuja Jumatano na gari. Hiyo "asikilize vizuri" sikuikumbuka mpaka niliposoma. Nimekaa juu ya ndoo. Mteja amesema hodi mara mbili, akaondoka.

Mzigo wa Mbuchi ulikuwa wa Jumanne. Nilitaka maji yawe Alhamisi. Redio ilisema siku mbili, nikachukua iliyonifaa. Wa mlau wakachukua kupungua, wa bodaboda maeneo ya juu. Nimeuliza watu kumi na wanne. Wa kumi na tano sikumuuliza.

Na Shabani alisikia vizuri. Wa pili baada ya Mwalimu. Akaacha alichosikia akafuata cha dada yake.

Alhamisi, 23 Aprili

Sikwenda sokoni.

Nimejaribu kulipunguza kosa langu. Kwamba angeweza kuazima mtumbwi hata hivyo. Kwamba ni mtu mzima, ana miaka thelathini na nne. Kwamba njia yenyewe ingekuwa tope. Kila nikitoa, linabaki lilelile.

Mkewe ndiye niliyempigia. Nimemuuliza kama Shabani amewahi kumweleza kuhusu simu ya Jumapili. Akasema, "Wifi, ameniambia nikifungua mdomo kuhusu hiyo simu, nitakuwa nimekuvua nguo mbele ya watu."

Ndiyo maana alitoka na ndoo iliyojaa.

Na ile "tulijua". Alikuwa ananigawia nusu tu ya kilicho changu chote.

Bi Mwanahawa amepiga jioni. Wanawake tisa wameshakubali Shabani aondoke, yeye wa kumi. Bado sauti yangu. Amesema, "Wewe dadaye ukisema aende, tumemaliza, hakuna maneno." Nimemjibu tutaonana kesho. Nimekata simu nikajiona nimenyamaza kama Shabani, ila yeye alikuwa anamficha mtu mwingine.

Ijumaa, 24 Aprili

Asubuhi kamba kilo ishirini na saba. Nimempa mwanangu Zuhura apime. Amekosea gramu mia mbili, sikumgombeza.

Kunde za Salale zimefika, madebe manne. Nimeyapanga mlangoni. Mahindi nimeahidiwa matatu. Jumla saba, bado kumi na matano. Hayo ni ya kutafutwa.

Maji yameshuka kiganja cha pili. Huko bondeni jua linawaka, nimeambiwa.

Nimevaa. Daftari nimelitia kwenye kikapu, kikapu kiko juu ya madebe ya kunde, nimekunja ukurasa wa tarehe 12. Simu ina tangazo la Mwalimu. Kirikuu inakuja saa sita.

Saa nane watakuwa wamekaa. Wanawake kumi, na Shabani peke yake upande wa pili, anatazama miguu.

Ulimwambia Alhamisi au hukumwambia? Ndiyo au hapana. Saa nane kamili najibu mimi, kabla Bi Mwanahawa hajamwita Shabani. Kunyamaza si jibu.