Miguu ya Mama Bibiane

KAMATI YA MJI YA UTAMADUNI NA SANAA, BUNIA

Kumbukumbu za kikao cha kawaida kilichofanyika Jumamosi, tarehe 20 Septemba 2003, katika ukumbi wa Kamati, upande ambao bado una mabati.

WALIOHUDHURIA
1. Papa Alphonse Masudi, Mwenyekiti
2. Mama Christella Mapendo, Makamu
3. Papa Paluku Josias, mchoraji
4. Papa Gérard Lokana, mkuu wa maigizo
5. Mama Brigitte Asimwe, mjumbe wa wamama wa soko
6. Arlette Kavira, Katibu, ambaye ndiye anayeandika

ALIYEKOSEKANA KWA RUHUSA
Papa Étienne, mjumbe wa kwaya

ALIYEKOSEKANA BILA RUHUSA
Mama Bibiane Akumu, mkuu wa ngoma (mara ya tatu)

KUMB. NA. 31/2003: KUFUNGUA KIKAO

Kikao kilifunguliwa saa tatu na nusu asubuhi badala ya saa tatu, kwa sababu ufunguo ulikuwa kwa Papa Gérard na Papa Gérard alikuwa bado anakunywa chai. Papa Gérard alieleza kwamba chai ilikuwa ya moto sana. Maelezo yalipokelewa.

Kumbukumbu za kikao cha tarehe 16 Agosti zilisomwa na kuthibitishwa, baada ya Mwenyekiti kuzirudisha kwa Katibu zikiwa na masahihisho kumi na tisa ya kalamu nyekundu. Kwa atakayesoma haya bila kumjua: Mwenyekiti alifundisha darasa la sita miaka thelathini na mmoja, Katibu alikuwa mwanafunzi wake, na hakuna aliyewahi kumwona na kalamu ya rangi nyingine. Katibu aliuliza amepata ngapi. Mwenyekiti alisema kumi na mbili kwa ishirini, na kwamba mbili kati ya hizo ni za huruma.

KUMB. NA. 32/2003: RUHUSA

Ilisomwa barua ya Papa Étienne, aliyekwenda njia ya Mongbwalu kumtafuta shemeji yake. Barua iliandikwa nyuma ya kartoni ya sabuni. Mwenyekiti aliigeuza mara mbili, akainusa, akasema ina tarehe, ina sababu, ina sahihi, kwa hiyo ni barua. Ruhusa ilikubaliwa.

Kisha Mwenyekiti alisoma Kifungu cha 9 cha kanuni zetu: "Mjumbe atakayekosekana vikao vitatu mfululizo bila ruhusa ya maandishi yenye sahihi yake, jina lake litafutwa na nafasi yake itajazwa." Kifungu hicho alikitunga yeye mwenyewe mwaka 1996 akimlenga Papa Gérard, ambaye tangu siku hiyo hajakosa hata kikao kimoja. Anachelewa tu.

Mwenyekiti alieleza kwamba Mama Bibiane hakuwepo tarehe 12 Julai, hakuwepo tarehe 16 Agosti, na leo hayupo. Hajaonekana Bunia tangu risasi za Mei, vita vilipoingia mjini. Kuna anayesema yuko Mahagi, kuna anayesema alivuka ziwa. Mama Brigitte amewauliza wauza samaki wote wanaotoka huko na hakuna aliyemwona. Mwenyekiti alisema kanuni haiulizi mtu yuko wapi, inauliza barua iko wapi. Sauti yake haikuwa ya kawaida, na Katibu anaomba hilo liandikwe.

Katibu aliomba jambo hili lingoje mpaka ukuta unaochorwa uzungumzwe, kwa kuwa ni jambo moja. Alikubaliwa.

KUMB. NA. 33/2003: OMBI LA UKUMBI

Papa Gérard aliomba kikundi chake cha maigizo kipewe ukumbi kila Jumatano. Alilalamika kwamba ngoma kubwa imekaa katikati ya jukwaa na waigizaji wanaizunguka kama watu wanaozunguka ng'ombe aliyelala njiani. Aliomba ihamishwe.

Mama Brigitte aliuliza nani ataihamisha. Ngoma hiyo haijaguswa tangu Mei, kwa sababu aliyezoea kuigusa ni Mama Bibiane, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza baada yake. Papa Gérard alisema ameondoa malalamiko yake na kwamba waigizaji watazidi kuzunguka.

KUMB. NA. 34/2003: UKUTA

Mwenyekiti alisoma barua ya ofisi ya mji. Ukuta wa nje wa ukumbi wetu, unaotazama njia ya soko, utafunguliwa rasmi Jumamosi tarehe 4 Oktoba, na wageni wanatarajia kuukuta umekamilika.

Kwa kumbukumbu: ukuta unaonyesha duara la wachezaji kumi na wawili, watu halisi wa mji huu, kutoka kila kartie, yaani kila mtaa, na kila kabila. Kazi ilianza mwezi wa pili. Papa Paluku ni mchoraji wa vibao vya saluni na vya maduka ya dawa, na ana desturi yake: hachori mtu asiyesimama mbele yake. Kila mmoja alisimama asubuhi tatu. Anaanza na miguu, kwa sababu anasema miguu ndiyo huchoka kwanza na kuanza kutembea. Siku ya pili ni mwili. Siku ya tatu ni uso.

Wachezaji kumi na mmoja wamekamilika, akiwemo Mwenyekiti, aliyechorwa akicheza huku ameshika chaki, jambo ambalo alilipinga kwa maandishi. Wa kumi na mbili ni Mama Bibiane, kiongozi wa duara. Yeye alisimama asubuhi moja tu, tarehe 3 Mei. Kwa hiyo ukutani kuna miguu yake miwili, na kandambili zake za bluu, ya kushoto ikiwa imefungwa kwa waya. Juu ya miguu hiyo kuna mstari wa makaa wenye umbo la mtu, na ndani yake ni chokaa nyeupe.

Mwenyekiti alipendekeza kwamba, kwa kuwa nafasi itakuwa wazi leo kwa Kifungu cha 9, Mama Christella apewe ukuu wa ngoma na asimame mbele ya Papa Paluku kuanzia Jumatatu. Miguu ipakwe upya.

Mama Christella alikataa. Maneno yake: "Ile miguu haiko yangu, Prezida. Mutanisimamisha juu ya miguu ya mutu?"

Papa Gérard alipendekeza pachorwe ngoma kubwa ya kuziba mahali peupe. Aliulizwa kama amewahi kuona ngoma yenye kandambili. Alikaa.

Papa Paluku aliulizwa kwa nini asimchore Mama Bibiane kwa kumkumbuka, nao wamejuana miaka mingi. Alijibu: "Mwaka jana nilipaka kinyozi wa soko na kichwa tu, bila kumuona. Akatoka anafanana na kinyozi wa ngambo. Mpaka leo wale wawili hawasalimianake. Miye sipakake mutu mwenye hakusimama mbele yangu." Akaongeza kwamba akimchora kwa kumkumbuka, itakuwa amekubali kwamba hatamwona tena, na yeye hajakubali.

Mama Brigitte aliomba kueleza jambo ambalo wajumbe wanaopita mlango wa nyuma hawalijui. Tangu Julai, kila Jumapili baada ya misa, na Ijumaa pia kwa walio Waislamu, wamama wanakuja kwenye ukuta. Wanainama na kugusa ile miguu. Alisema: "Mama moya aliniambia ni miguu ya binti yake. Mwingine akasema hapana, ni ya mama yangu, najua ile waya. Niwaambie nini? Niwaambie ni mukubwa wa ngoma? Niliwaachia tu." Alisema wapo wanaotoka kartie ambazo tangu Mei hazipitiani hata barabara, lakini pale wanasimama mstari mmoja na kungojana zamu.

Papa Paluku alikiri kwamba rangi ya kidole gumba cha kulia imekwisha kwa kuguswa, na kwamba ameirudishia mara mbili bila kuijulisha Kamati. Aliomba radhi. Alisamehewa.

KUMB. NA. 35/2003: KIFUNGU CHA 9

Mwenyekiti alisema amesikia yote, lakini Kamati isiyofuata kanuni zake ni baraza la kunywea chai. Alimwomba Katibu afute jina.

Katibu alisema hatafuta kabla jambo moja halijaandikwa. Tarehe 3 Mei, baada ya kusimama mbele ya Papa Paluku, Mama Bibiane aliingia ukumbini na rangi kwenye kidole, akaomba ruhusa kwa mdomo. Katibu aliyasikia maneno yake na anayarudia kama yalivyosemwa: "Muzee Alphonse, mama iko mugonjwa. Naenda Mahagi, niko na siku tano tu, nitarudia." Mwenyekiti alijibu: "Kwa maandishi." Mama Bibiane alicheka sana. Alisema: "Weye ukifika mbinguni, utaomba malaika barua." Akatoka akiwa bado anacheka. Risasi zilianza Jumanne iliyofuata.

Mwenyekiti aliomba maneno hayo yasiandikwe. Katibu aliyaandika. Ni mara ya kwanza katika maisha yake kumkatalia mwalimu wake.

Mwenyekiti alisema, bila kusimama, ingawa kanuni inataka msemaji asimame: "Nilimuambia hivyo miaka makumi mbili na mbili. Tulifundisha kwa masomo moja, darasa langu na lake mulango kwa mulango. Kila mara anaomba na mudomo, mi nasema kwa maandishi, anacheka, kesho yake analeta karatasi. Njo ilikuwa salamu yetu. Nilijua ataleta kesho. Wajumbe, nilikuwa naingojea ile karatasi. Mpaka leo naingojea."

Katibu alilia. Mwenyekiti alisema machozi si ajenda. Katibu ameyaandika hata hivyo, na anaandika pia kwamba hakulia peke yake.

Mwenyekiti aliomba kikao kisimame kwa robo saa. Aliingia stoo ya mavazi na kufunga mlango. Papa Gérard alitaka kumfuata, Mama Brigitte akamvuta shati.

Saa tano na dakika ishirini Mwenyekiti alirudi na kusema kwamba, alipokuwa akipanga makaratasi ya zamani, ameona barua iliyosahauliwa, na anaomba Katibu aisome. Ilisomwa:

"Bunia, tarehe 3 Mei 2003. Kwa Mwenyekiti. Mimi, Bibiane Akumu, mkuu wa ngoma, ninaomba ruhusa ya kwenda Mahagi kumwangalia mama yangu ambaye ni mgonjwa. Ninaomba ngoma yangu isihamishwe. Nitarudi."

Katibu anaandika alichokiona. Herufi zilikuwa zimesimama wima kama zilivyosimama ubaoni katika darasa la sita. Wino ulikuwa mwekundu na haukuwa umekauka.

Mwenyekiti aliuliza kama kuna mjumbe anayekumbuka kuiona barua hii tarehe 3 Mei. Mama Christella alisema anakumbuka vizuri. Mama Brigitte alisema yeye ndiye aliyeipokea mlangoni. Papa Paluku alisema ilikuwa na alama ya rangi ya bluu pembeni, akaichukua kuitazama, na ilipotoka mkononi mwake alama ilikuwepo. Papa Gérard alisema hata yeye aliiona, ingawa siku hiyo, kama kawaida, alifika kikao kimekwisha.

Katibu alikumbusha, kwa heshima, kwamba Kifungu cha 9 kinataka sahihi, na barua haina. Mwenyekiti alisema hilo analijua, kifungu ni chake. Aliulizwa basi nani atatia sahihi. Alijibu: "Ataitia akifika."

Hakukuwa na pingamizi. Katibu alichukua muhuri wa Kamati, akarudisha magurudumu madogo ya tarehe kwa ukucha, mwezi baada ya mwezi, mpaka 03 MAI 2003, akapiga muhuri wa kupokelewa. Mwenyekiti alitazama kazi hiyo kwa makini na hakusahihisha chochote.

Iliazimiwa kwamba jina halifutwi na nafasi haijazwi. Ukuta ufunguliwe tarehe 4 Oktoba kama ulivyo, na ofisi ya mji ijulishwe kwamba umekamilika kwa kadiri ya waliohudhuria. Mtu yeyote anayekuja kuigusa miguu asizuiwe wala asiulizwe ni wa wapi. Papa Paluku aweke akiba ya rangi, ya kidole na ya uso.

KUMB. NA. 36/2003: SAHIHISHO NA KUFUNGA

Mwenyekiti aliagiza ukurasa wa kwanza usahihishwe. Pale palipoandikwa "aliyekosekana bila ruhusa", pasomeke hivi: Mama Bibiane Akumu, mkuu wa ngoma, kwa ruhusa. Katibu aliuliza ruhusa hiyo inakwisha tarehe ngapi, kwa kuwa aliomba siku tano. Mwenyekiti alisema aandike kwamba siku tano hizo bado zinaendelea.

Kikao kilifungwa saa sita kasoro robo. Wajumbe wote, akiwemo Mwenyekiti, walitoka kwa mlango wa mbele na kupita kwenye ukuta. Papa Paluku atalazimika kukirudishia kidole rangi mara ya tatu.

Alphonse Masudi, Mwenyekiti: (sahihi, kwa wino mwekundu)

Arlette Kavira, Katibu: (sahihi)

Bibiane Akumu, mwombaji wa ruhusa: ..............................