Mama Eufrazia, Aliyewapikia Mbwa wa Ubungo

Ni mwaka mmoja sasa, Mama, tangu asubuhi ile ya Julai 1975 ulipomwomba Baba akufungulie dirisha la uani, ukageukia upande wa jiko lako, ukanyamaza. Baba alidhani umelala. Alikwenda kuchemsha maji, akarudi na kikombe, ndipo akajua.

Tulikuzika Kinondoni. Baada ya matanga sisi wanao tulirudi makazini, Felicitas kufundisha katika kijiji cha ujamaa kule Nachingwea, Romani kwenye karakana ya reli, Makambako. Nyumba ya Ubungo ikabaki na watu wawili, Baba na Tuyaache, mbwa wako wa mwisho, kama mbwa ni mtu. Wewe ulisema ni mtu.

Kwa wasiokujua, Mama, tuseme ulivyoanza. Kabla ya Uhuru ulikuwa mpishi wa Mzungu mmoja, daktari wa mifugo, huko Oysterbay. Uhuru ulipokuja akafungasha virago. Wenzako waliofanya kazi kwa Wazungu waliachiwa vitanda na makabati. Wewe uliachiwa mbwa wawili. Ulitembea nao kwa miguu hadi Ubungo, jua la saa sita, na Baba aliyekuwa barazani akichonga mpingo alipokuona alisema kwa ukali, "Eufrazia, hao nao watakula nini?"

Ukajibu, "Nitawapikia."

Alidhani unatania. Ulipika miaka kumi na mitatu.

Yule daktari alikufundisha kinachomfaa mbwa na kinachomdhuru. Namna ya kukipata kwa vitu vya Ubungo uliitafuta mwenyewe. Chakula cha sufuria kilikuwa cha pumba za mahindi, boga, na supu ya mifupa ya kichwa aliyokutunzia muuza nyama. Halafu zile biskuti zako: dagaa waliovunjika, wa chini ya gunia, uliwaponda kinuni, ukakandia pumba na dona kidogo, ukasukuma kwa chupa, ukakata kwa kifuniko cha kopo na kuzichoma kwenye sufuria yenye mchanga, makaa chini, makaa juu. Tulipokuwa wadogo tulikuonea haya. Shuleni walituita watoto wa mpishi wa mbwa, na hatukukwambia.

Walinzi wa magodauni ya barabara ya Morogoro walikuja na makopo yao, nawe uliwajazia. Mzee Kondo alikuwa na mbwa asiye na jino hata moja. Biskuti za huyo ulizilowesha kwenye supu kwanza, ukazifunga kwenye jani la mgomba, ukampelekea mwenyewe, maana ulisema mwenye mbwa naye miguu inamuuma.

Mwaka wa njaa, 1974, watu walipopanga foleni ya unga wa njano, maneno yalizuka kwamba kwa mumeo Leonardi mbwa wanakula unga wa watu. Mjumbe wetu wa nyumba kumi, Mzee Nassibu, alikuja uani kuuliza. Ulimwamkia, ukamsogezea kigoda, ukafunua vyombo kimoja kimoja.

"Hizi pumba, mzee wangu. Hawa dagaa wa chini ya gunia, nusu mchanga. Mfupa huu tumeshaunywa supu sisi, huu ni mchemsho wa pili. Kama yuko mtu katika mtaa wetu anayekula hiki, mlete, nitampikia yeye kwanza."

Mzee Nassibu alitazama vyombo vile kwa muda. Akaaga. Kesho yake alikuletea pumba za nyumbani kwake, na hakuacha kuleta mpaka ulipougua.

Ulipoanza kuvimba miguu, daktari alikuambia ulale. Ulilala asubuhi, mchana ukaamka kuchoma biskuti. Baba alikukataza mara nyingi, nawe ulimsikiliza na kuendelea. Siku ile ulipoondoka kulikuwa na madebe mawili yamejaa, yamefunikwa vizuri, yako juu ya kabati mbali na panya. Hatukuelewa kwa nini umechoma nyingi hivyo. Ulikuwa unajua, Mama.

Yaliyofuata hatukuyaona kwa macho yetu. Tumeyasikia wiki hii, tulipokuja likizo kwa ajili ya kumbukumbu yako. Mengine ameyasema Baba kwa kinywa chake, mengine tumeambiwa na jirani yako Bi Wahiba, mke wa Mzee Muhdhar.

Barua za Baba mwaka mzima zilikuwa fupi. "Hapa wote wazima," aliandika kila mara. Wote ni yeye na Tuyaache. Asubuhi alichonga, mchana alichonga, na alipoinua kichwa hapakuwa na aliyemwita kula. Alikuwa akisonga ugali, akila nusu, nusu nyingine inakauka sufuriani mpaka kesho. Siku nyingine jua lilizama hajafungua kinywa kusema neno lolote, maana hakuwa na wa kumwambia. Tuyaache kila ikifika adhuhuri alikwenda kulala kando ya mafiga baridi. Baba alimtazama. Alitamani naye ajue pa kwenda kulala.

Biskuti nne kwa siku, ndivyo ulivyomwagiza, naye alimpa nne. Debe la kwanza likaisha kabla ya Noeli. La pili akalianza bila kufikiri. Siku moja ya Machi alitia mkono, kucha zikagonga bati.

Hapo ndipo akaanza kupunguza. Nne zikawa mbili. Mbili zikawa moja. Alimwongezea mbwa ugali mtupu, Tuyaache akaunusa na kuuacha. Mbwa akaanza kukonda, Baba akaona, na bado hakuongeza. Hakuwa bahili, Mama, unamjua. Aliogopa debe liishe.

Halafu alasiri moja alikaa kwenye kigoda chako, akatoa biskuti moja, akaila mwenyewe. Ilikuwa ngumu. Ilinuka dagaa, haikuwa na chumvi. Aliitafuna taratibu mpaka ikaisha, na alipokuwa akimeza punje za mwisho alikumbuka kwamba miaka yote kumi na mitatu hakuwahi kuonja kazi yako. Hakuwahi hata kuuliza inatengenezwaje. Alituambia hakulia. Alikaa tu pale, debe mapajani, mpaka giza likaingia.

Kesho yake Bi Wahiba alimwita kutoka upande wake wa ua.

"Baba Felicitas. Mbwa wa shoga yangu anaumwa?"

"Haumwi, Bi Wahiba."

"Basi ana njaa. Mbavu zake nazihesabu kutoka huku."

Bi Wahiba hakuondoka. Duka lao lilikuwa limefungwa mwezi mmoja kabla, shughuli zote zimehamia duka la ushirika, wanawe wako Maskati, na mumewe anashinda barazani kimya. Alikuwa na muda wa kungoja jibu.

"Zimebaki kumi na moja," Baba akasema hatimaye. "Zikiisha hizo, hakuna kitu tena duniani kilichopikwa na mkono wake."

Bi Wahiba akauliza, "Sasa mbona hupiki wewe?"

"Sijui kuzipika. Mie nilikaa hatua kumi kutoka jiko lile, nimeligeuzia mgongo. Sikuuliza hata siku moja."

"Mie najua."

Baba alimwangalia. Bi Wahiba katika maisha yake hajawahi kumgusa mbwa. Ua ule aliuheshimu nawe uliuheshimu. Vyombo vya mbwa vilikuwa na pahala pake na sabuni yake, na sahani za futari alizokuletea ulizirudisha kwa mikono uliyonawa hadi viwikoni. Lakini ulikuwa na tabia moja, Mama. Ulikuwa ukimweleza mbwa kila unachokifanya. Sasa naponda dagaa, Tuyaache. Sasa namimina supu, ngoja. Maneno yako yalivuka ua kila siku, na upande wa pili alikuwapo mwanamke anaanika nguo zake, anasikia.

"Chumvi usitie hata chembe," Bi Wahiba alianza. "Kitunguu ndio kabisa, alikuwaga anasema kinamharibu mbwa damu. Unakandia supu, si maji. Boga lipondwe liwe laini."

"Supu kiasi gani?"

"Mpaka unga usishike kidole. Akishakanda anafunika, mie naingia kusali adhuhuri. Nikitoka kusali alasiri nasikia anapanga makaa. Hiyo ndiyo saa yake ya kuchoma."

Baba alikwenda kwa muuza nyama siku ileile. Biskuti za kwanza ziliungua chini na kubaki mbichi juu, kwa sababu makaa yote aliyaweka chini. Za pili, alituambia, zilikuwa ngumu kuliko mpingo. Siku ya tatu zilitoka vizuri, rangi ileile, harufu ileile. Alimwekea Tuyaache moja. Tuyaache aliilamba, akaiacha, akarudi kando ya mafiga.

"Mbona kimya?" Bi Wahiba akauliza kwenye ua.

"Amekataa."

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia nini?"

"Unachokifanya. Shoga yangu hakupika kimya hata siku moja."

Baba ni mtu wa maneno machache, wewe ulikuwa ukimsemea. Alirudi jikoni akaona haya, mtu mzima kuongea na mbwa. Siku ya nne akaketi na kinu. Akakohoa. "Sasa naponda dagaa," alisema, na sauti yake yenyewe ikamshtua, imekwaruza kama mlango usiofunguliwa. Tuyaache akainua masikio. "Hawa wana mchanga mwingi, ngoja niwapepete. Sasa boga. Boga la leo limeiva." Akaendelea hivyo. Alimweleza habari za unga, kisha habari za mti anaouchonga, kisha, hajui ilikuwaje, alianza kumweleza habari zako: siku mliyokutana Ndanda kwenye mavuno ya karanga, kanga uliyovaa, maneno makali aliyokutolea siku ulipoleta wale mbwa wawili, na kwamba hakukuomba radhi. Aliongea tangu adhuhuri hadi alasiri. Bi Wahiba alikuwa upande wa pili na nguo zilizokwisha kukauka zamani, hakuzianua.

Biskuti zilipopoa, Tuyaache alikula moja. Akala ya pili. Akasimama akingoja ya tatu.

"Amekula?"

"Amekula, Bi Wahiba."

"Alhamdulillahi," akasema, akaingia ndani upesi, na nguo akaziacha kambani.

Zile zako kumi na moja Baba hakuzihifadhi. Alimpa Tuyaache moja kila siku, pamoja na zake, mpaka zikaisha. Alisema ulimpikia mbwa yule, hukupika za kuwekwa. Siku ya kumi na moja aliliosha debe, akaliweka juani.

Sasa hivi walinzi wameanza kurudi na makopo, si wote. Mbwa wa Mzee Kondo hayupo tena, lakini Mzee Kondo huja hata hivyo, hukaa kwenye kigoda, husikiliza.

Jumapili, baada ya Misa yako, Felicitas alimwomba Baba aende naye Nachingwea. Kuna nyumba ya mwalimu, kuna wajukuu, kuna miti mizuri ya kuchonga. Baba alimshukuru. Akasema hawezi.

"Peke yako hivi, Baba, utaweza?"

Alikuwa akiosha kinu. Alifikiri kwanza, maana si mtu wa kudanganya watoto wake.

"Asubuhi nachonga," alisema. "Adhuhuri nakanda, alasiri nachoma. Ni kuanzia hapo mpaka kulala, mwanangu. Hapo ndipo sijapata bado cha kupika."

Romani alimpokea Baba kinu akamalizia kukiosha, tukakaa uani sote watatu, mpaka saa ile ikapita. Kesho kutwa tunaondoka, na hiyo saa itamkuta tena.

Tunakuomba radhi kwa kukuonea haya shuleni. Tunakushukuru kwa madebe mawili.

Unakumbukwa na mume wako Leonardi, na Tuyaache, ambaye Baba ametaka aandikwe hapa, baada yake yeye, wanao Felicitas na Romani, wajukuu zako, dada yako Filomena wa Ndanda, majirani zako Bi Wahiba na Mzee Muhdhar, Mzee Nassibu, Mzee Kondo, na walinzi wote wa barabara ya Morogoro waliokuja na kopo tupu.

Bwana akupe raha ya milele. Siku zote tutakukumbuka, Mama, na alasiri zaidi.