Mwaka wa Mombasa

Uroa, 9 Januari 1956

Kwa mpwa wangu Mcha, fundi wa kanzu, Miembeni, Ng'ambo.

Salamu hizi nazituma zikukute umekaa kitako, si umelala. Sisi huku wazima, ila mguu wangu wa kushoto ndio unaolalamika, na huo nshauzoea. Wewe je, hujambo? Kifua? Unakula?

Nauliza kwa sababu Machano wa gari kaniletea habari nisizozipenda. Kapita dukani kwa Rajnikant, hakukuona kwenye cherehani. Kauliza, kaambiwa una wiki tatu hujatia mguu. Kenda kwako saa nne asubuhi, jua lishapanda, kakukuta umejifunika shuka gubigubi. Saa nne, Mcha! Saa nne mimi nshawasha tanuu la chokaa, na moshi wake ushafika Pemba, watu wanaanua nguo wakidhani mvua.

Sikiliza, mwanangu. Mtu asiye na kazi ana sababu moja tu, nayo ni kwamba hataki kazi. Mimi mwaka wa Mombasa niliingia bandarini simjui mtu. Siku ya kwanza nilibeba magunia mawili ya mchele, moja kila kwapa, na la tatu nikaling'ata kwa meno. Msimamizi, Mzungu wa masharubu mekundu, akanivulia kofia. Mwaka mzima sikulala mchana hata siku moja. Shahidi wangu ni marehemu mama yako, dada yangu Mwanamkasi, maana ndiye aliyekuwa akiwapa watu habari zangu zote.

Basi ondoka hapo kitandani. Oga, nyoa, nenda kwa Rajnikant umwambie mjomba wako ni Mjaka wa Uroa. Akilisikia jina hilo atakupa cherehani mbili.

Nijibu kwa gari la Machano. Barazani wote wanaingoja barua yako, na unajua msomaji hapa ni mimi.

Mjomba wako,
Mjaka


Miembeni, 21 Januari 1956

Shikamoo mjomba.

Natumai mguu umepoa na nyumbani wote salama. Mimi nipo.

Mjomba, sikufukuzwa. Nataka ulijue hilo kwanza. Ilikuwa hivi: nilipewa kanzu ya bwana harusi, kazi ya kutarizi shingo kwa mkono, kwa hariri. Nilitunga uzi. Nikachoma sindano mara ya kwanza, mara ya pili haikwenda. Adhuhuri ikaadhiniwa, nimeishika. Alasiri ikaadhiniwa, nimeishika. Mkono hauumi. Ni kama yule aliyekuwa akishona kwa mkono huu kaondoka, hata kuniaga hakuniaga.

Siku kumi nilikwenda hivyo. Nashona mishono mitatu, naiona mibaya, naifumua. Siku ya kumi na moja Rajnikant akasema, "Mcha bhai, nenda nyumbani. Ukipata nguvu, rudi." Hakunitukana.

Homa sina. Daktari kanipima, kasema damu yangu nzuri. Kwa hiyo mtaani nimekuwa mvivu aliyethibitishwa na daktari. Wananiita Bwana Shuka. Bi Kazija, mwenye nyumba, anasema karibu na ukuta ili nisikie, "Mwanamume mzima, miguu miwili, kazi yake kuhesabu boriti!" Nikitoka naulizwa unafanya kazi wapi siku hizi. Nisipotoka, basi ndiyo kweli mvivu. Sasa natoka alfajiri, naswali, narudi kabla hakujapambazuka vizuri.

Si kwamba sitaki kazi, mjomba. Hicho ndicho kinachonitisha. Naitaka, na siwezi kuifikia, na iko hapa hapa mbele yangu.

Haya nimekwambia wewe peke yako. Tafadhali usiisome barua hii barazani.

Mpwa wako,
Mcha


Uroa, 4 Februari 1956

Kwa Mcha.

Salamu nyingi, na hali yako naiombea kila nikinyanyua mikono. Sisi wazima.

Mwanangu, sharti kama lile huandikwa juu ya barua, haliandikwi chini! Mimi nliifungua mbele ya watu kama kawaida, nikavaa miwani, nikaanza kwa sauti. Nimefika pale "nilitunga uzi", jicho likatangulia mbele likaona yaliyopo. Nikavua miwani nikaifuta.

Kurwa akasema, "Vipi Mjaka, maandishi yamekushinda?"

Mimi, maandishi yanishinde! Wallahi sikufikiri. Nikaendelea kusoma bila kusita, ila yale niliyoyasoma hayakuwemo. Nikasoma kwamba Rajnikant kakufanya mkubwa wa mafundi, una watu sita chini yako, na mabwana wa mjini wanapigana mlangoni kila mmoja akitaka shingo yake ishonwe na Mcha. Baraza zima likasema mashallah. Mzee Bakar akatokwa na machozi.

Sasa yaliyofuata sikuyataka mimi, yamekuja yenyewe. Jioni ile ile Kurwa kaja na kitambaa cha bafta, kasema kanzu yake ya Idd haishonwi na mwengine. Akaja Bakar. Wakaja wengine. Machano anakuletea vitambaa tisa, kila kimoja kina kamba ya kipimo na fundo la mwenyewe. Cha tisa ni changu.

Usikasirike. Nimelitazama jambo hili usiku na mchana nikaona ni heri. Wewe ulikosa kazi, sasa kazi imekufuata kwa gari. Ukisha kuona watu wazima tisa wanakutegemea, damu itachemka utainuka. Mimi mwaka wa Mombasa kila nilipochoka nlikuwa naomba gunia la pili.

Idd iko mbali bado.

Mjomba wako,
Mjaka


Miembeni, 3 Machi 1956

Shikamoo mjomba.

Natumai nyote wazima.

Vitambaa vimefika. Nimevipanga kando ya ukuta. Nikifumbua macho asubuhi nawaona watu tisa wamekaa wananitazama, na wewe umo. Watu wa mtaani niliweza kuwafungia mlango. Hawa wa Uroa umeniletea ndani.

Watafika Idd bila kanzu. Watamuuliza Machano, Machano atawaambia alichokiona. Basi nitakuwa mvivu, na mwongo, na mwizi wa vitambaa vya wazee, yote kwa barua moja ambayo nilikuomba usiisome.

Umeniandikia habari za magunia. Mimi juzi nilishika mkasi nikate kitambaa cha Kurwa. Nikakaa nao. Mawazo yaliyonijia sikuyapenda. Nikaupeleka kwa Bi Kazija nikamwambia akae nao yeye. Sikumwambia kwa nini. Alinitazama muda mrefu. Tangu siku hiyo hasemi tena ukutani.

Machano akija, mpe ruhusa avichukue vitambaa. Nami usiniandikie tena, mjomba. Kila barua yako nikiifungua natoka mdogo kuliko nilivyokuwa.

Mcha


Uroa, 10 Machi 1956

Mcha, mwanangu, salamu. Hujambo? Nijibu neno moja tu, hujambo. Barua yako nimeisomea ndani, mlango nimeufunga.

Mjomba wako


Uroa, 26 Machi 1956

Mcha, Machano kasema mlango hukuufungua. Vitambaa hajavichukua. Nami sikumwambia avichukue, maana nikisha kuvirudisha nitaulizwa, na sijui nitasema nini. Mimi, sijui niseme nini! Andika. Hata tusi andika.

Mjomba wako


Miembeni, mlangoni kwako, 23 Aprili 1956

Mcha.

Salamu haina haja ya gari leo. Niko hapa nje, nimekaa juu ya kibao cha Bi Kazija cha kukunia nazi. Nimegonga, nimekuita, hukuitika naam. Lakini nimesikia kitanda kikilia, kwa hiyo nnajua unanisikia nikikohoa. Bi Kazija kasema jana umekula futari nusu. Kanipa kalamu na karatasi, kasema, "Kama mdomo wako haumfai, jaribu mkono." Mwanamke yule ana ulimi.

Ntakuandikia jambo, ntalipitisha chini ya mlango. Nimefunga, siwezi kusema uongo hata nikitaka.

Mombasa sijafika.

Bandari yake siijui. Mzungu wa masharubu mekundu nilimwona picha yake kwenye bati la biskuti. Mwaka ule, mimi nna miaka ishirini na minne, nlikuwa Kiembe Samaki, nyumbani kwa mama yako, chumba cha uani. Miezi saba. Sikuwa na homa. Sikufiwa. Asubuhi moja nilitazama viatu nikaona kuvivaa ni safari. Nikarudi kulala, na nilipolala sikuweza kuinuka. Nikawa simjibu mtu. Ndevu zikaota. Yale unayoyasikia ya Bwana Shuka, mimi nliyajua kabla hujayaandika, ndiyo maana nilikupigia kelele. Niliogopa.

Mwanamkasi aliwaambia watu, "Mjaka kenda Mombasa, anafanya kazi bandarini." Kila akiulizwa anaongeza kidogo. Ndiye aliyeyaanza magunia, mimi meno nimeongeza baadaye. Alinificha ili nikitoka niwe na pa kutokea.

Na hakunambia niinuke. Siku moja alileta majani ya mnazi, ufito na kamba, akaviweka pembeni ya kitanda. Kushona makuti, kazi ya wanawake. Akasema, "Shona kuti moja, halafu lala." Nikamwambia siwezi. Akasema, "Basi nusu." Akatoka. Siku ile sikushona. Ya pili sikushona. Ya tatu nilishona nusu, bovu, mvua ingepita yote. Akalichukua kama kitu cha maana, akaliezekea jiko lake. Hakunambia kesho mawili. Miezi ile yote hakunambia mawili. Nilikuwa nafanya kazi na huku naumwa, Mcha. Kuna siku nilishona huku nalia, na kuna siku sikushona. Naye alinipikia siku zote mbili sawa sawa.

Mimi kwako sikufanya nusu ya alivyofanya mama yako kwangu. Nilikutupia tisa.

Karatasi imekwisha. Mimi nipo hapa hapa.

Mjomba


(nyuma ya karatasi ile ile)

Kulikuwa na mtu chumba cha uani. Ana ndevu. Alikuwa akinipa njiti za makuti nichezee. Mama alisema ni mgeni mgonjwa, nisimtaje nje. Nilidhani nimeota. Ni wewe?

Mcha


(chini yake)

Ni mimi. Na ulikuwa ukizivunja zote.


(chini yake)

Mjomba, nenda kafuturu, magharibi imekaribia. Mlango sitaufungua leo. Vitambaa viache.


Miembeni, 9 Mei 1956

Shikamoo mjomba.

Natumai saumu inakwenda vizuri na mguu haukusumbui. Mimi niko kama nilivyo, lakini nimekaa kitako ninapoandika.

Machano anakuletea kanzu sita. Mbili zimebaki, ya Bakar ni moja katika hizo, mwambie nimemkosea, ataipata baada ya Idd. Tunafanya kazi hivi: Bi Kazija huja na mkasi saa mbili, hukaa kibaoni mpaka nimalize kukata, huondoka nao. Haniulizi nitakata ngapi. Wiki iliyopita siku nne hakuna kilichokatwa. Alikuja na mkasi siku zote nne, akakaa, tukatazamana, akaondoka nao.

Rajnikant kapita. Kaitazama kazi, kasema nikitaka anaweza kuniletea shingo nyumbani, moja moja. Nimemwambia ntajaribu. Nimemwambia na sababu. Hakucheka, alisema ana kaka kwao Jamnagar, naye yuko hivi hivi.

Sijapona, mjomba. Usimwambie mtu nimepona. Jana nililia kwa sababu ya kifungo cha kanzu.

Ya saba ni yako. Shingo imefika nusu. Nilitaka kuificha, nikalikumbuka paa la jiko la mama, nikaikunja nikaitia na nyingine.

Barua hii, ukitaka, isome barazani.

Mpwa wako,
Mcha


Uroa, Idd pili, 1956

Kwa mwanangu Mcha. Idd mbarak. Sisi wazima, mguu pia.

Nimeisoma. Nimeanzia yangu ya Kiembe Samaki, kisha yako, neno kwa neno, sikuongeza. Mmoja akasema, "Kumbe Mombasa yote ile makuti!" Wakacheka, na mwaka mzima huu watanicheka. Mzee Bakar hakucheka. Kasema kanzu yake isiharakishwe, ana ya mwaka jana.

Kuswali Idd nimevaa yako. Kurwa kanitazama shingoni mbele ya watu. "Mjaka, upande huu panya wamekula?"

Nikamwambia, "Kashona mpwa wangu. Anaumwa, na anafanya kazi. Ilipofikia ndipo alipofikia."

Basi. Sikumwambia jengine.

Nusu iliyobaki usiifanyie haraka. Kuti moja, halafu lala.

Mjomba wako wa chumba cha uani